Kutupa Koti la Manyoya Ziwani

"Umeshalitupa koti lako la manyoya?"

Bibi aliyeniuliza hivyo alikuwa na miaka 91, nami nilikuwa nimepiga magoti nikimvalisha soksi. Ilikuwa Juni 2016, mwaka wangu wa pili wa kazi katika nyumba ya wazee hapa Jyväskylä, mji ulio katikati ya Ufini. Nilidhani kumbukumbu imemponyoka, maana joto lilishafika na makoti tuliyafungia kabatini tangu Mei. Akatabasamu, akanyoosha kidole dirishani, kule ziwa linakoonekana kati ya misonobari. Mfini akiingia ziwani mara ya kwanza baada ya majira ya baridi, husemwa ametupa koti lake la manyoya. Kumbe alikuwa ananiuliza kama mwaka huu nimeshaogelea.

Nikamjibu kwamba mimi kuogelea sijui. Akataka kujua nimetoka wapi. Nikamwambia Tanzania, mji wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Tabasamu likafutika usoni. "Umezaliwa ziwani," akasema, "na hujui kuogelea?" Hakuuliza kwa dharau hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Swali lile nilikwenda nalo nyumbani na sikulala vizuri.

Kwetu ni mlimani, juu ya mawe, kama nyumba nyingi za Mwanza. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa mpaka linapogusana na mbingu. Tulikula sato na dagaa wake, tulifulia maji yake, harufu ya mwalo wa Kirumba ilipanda mpaka kwetu upepo ukigeuka. Lakini kuogelea lilikuwa jambo la wavulana watundu, nao walichapwa wakirudi. Sisi wasichana tulikwenda ziwani na ndoo na nguo chafu, maji yakifika magotini basi. Mama alikuwa na namna yake ya kukagua: anakushika mkono, anakukwaruza kwa ukucha. Ngozi iliyokaa ziwani ikikauka hubaki na mstari mweupe. Mstari ukionekana, siku yako imeharibika.

Sababu zake zilikuwa za kweli, na leo nikiwa mtu mzima siwezi kumlaumu. Kulikuwa na kichocho. Kulikuwa na mamba sehemu zenye matete. Kisha ikaja Mei 21, 1996, MV Bukoba ikazama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Nilikuwa na miaka 9. Mjomba wetu wa mwisho, yule mdogo wake mama aliyekuwa akituletea senene, alipandia Kemondo akija kututembelea. Mama alizunguka siku tatu akimtafuta. Wengi ambao ndugu zao hawakuwapata walizikwa Igoma, na sisi mpaka leo tunakwenda Igoma kumwombea bila kujua kama yupo pale. Kuanzia mwaka ule mama hakulitaja tena ziwa kwa jina. Alisema "kule". Usiende kule. Nani amekutuma kule?

Nilitoka Mwanza nikiwa na khanga yake moja kwenye sanduku, na woga wake wote.

Wiki tatu baada ya swali la bibi, mwenzangu wa kazini alitualika kwenye nyumba yao ya msituni. Wafini wengi wana nyumba kama hiyo, wanaiita mökki, au wana ndugu mwenye nayo: ya mbao, vyumba viwili, choo cha nje, jiko la kuni, sauna pembeni ya maji, na gati la mbao lililoingia ziwani hatua kama kumi. Nchi hii imehesabiwa maziwa 187,888, ukianzia yale yenye ukubwa wa mita za mraba 500, na msitu umefunika karibu robo tatu ya nchi kavu. Hesabu hizo nilizisoma kwenye darasa la lugha zikapita tu. Siku ile, tulipoiacha lami na kufuata barabara ya changarawe, ndipo nilipozielewa. Kila nilipodhani sasa msitu umefunga, maji yaling'aa tena nyuma ya vigogo.

Sauna hapa si anasa ya hotelini. Ni bafu la familia, ni mahali pa kunyamaza pamoja, na zamani wanawake walijifungulia humo kwa sababu ndipo palipokuwa safi na penye maji ya moto. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huu kwenye orodha yake. Wanawake tuliingia kwanza. Wao huingia bila nguo, wakubwa kwa wadogo, wala hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi nilijifunga khanga ya mama, hakuna aliyesema neno. Mwenzangu akamwaga kata ya maji juu ya mawe ya jiko, mvuke ukatushukia mabegani, na baada ya dakika kumi kila mtu akatoka mbio kuelekea gatini.

Nikashuka ngazi polepole, khanga imefungwa kifuani. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nikajiona nyayo zangu zikipotea humo. Chini palikuwa na matope laini. Maji yalinifika kiunoni, yakanifika kifuani, na kwa sababu nilikuwa na joto la sauna mwilini niliona raha, nikapiga hatua moja zaidi. Hatua hiyo haikukuta kitu.

Mambo matatu yalitokea kwa pamoja. Miguu iliingia kwenye baridi kali, kama mtu aliyefungua friji chini yangu. Kifua kikavuta pumzi chenyewe, bila kuniuliza, nikapaliwa na maji. Na khanga, iliyokuwa imepanda juu kama puto, ikashuka ikanizungushia magoti. Nilirusha mikono, nikataka kupiga mateke, miguu haikuachana. Sikupiga kelele. Hili nimelikumbuka sana baadaye: anayekufa maji hana pumzi ya kuita, na aliye mita tatu kutoka kwake anaweza kuendelea na mazungumzo asijue.

Mwenzangu alijua. Na jambo ambalo lilinishangaza nilipotulia ni kwamba hakurukia majini. Alijilaza kifudifudi kwenye gati, akaninyooshea kasia la mashua mpaka likanigusa kifua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shika." Nikashika. Akanivuta. Pale nilipokuwa nikifa na pale nilipoweza kusimama palikuwa ni kama urefu wa kitanda.

Baada ya hapo aliianika khanga kwenye ukingo wa gati, akanipa chai, akakaa karibu yangu. Aliniambia kwamba tangu shule ya msingi wamefundishwa kutomfuata anayezama kwa mikono mitupu, maana atakukumbatia mzame wote. Mpe kasia, mpe tawi, mtupie boya, mtupie hata dumu tupu lililofungwa mfuniko. Nikawaza ni mara ngapi nimesikia kule kwetu kwamba wamekufa wawili, wa kwanza aliteleza na wa pili alikwenda kumwokoa. Dumu tupu lipo kila nyumba Mwanza.

Ningeweza kuishia hapo na kurudi kwenye woga. Lakini binti yangu alikuwa na mwaka mmoja, na nilijua atakulia hapa, penye maji kila kona. Sikutaka awe na mama wa kumkwaruza ngozi. Oktoba nikajiandikisha darasa la wanawake wasiojua kuogelea, katika bwawa la ndani la mjini, jioni moja kwa wiki.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wasomali, Waafghani, Mthai mmoja, na mama mmoja Mkongomani kutoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Tulisalimiana kwa Kiswahili kwenye bafu, kila mmoja na Kiswahili chake, tukatazamana. Yeye amezaliwa kwenye ziwa la pili kwa kina duniani. Mimi nimezaliwa kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Wote wawili tulikuwa tumeshikilia bomba la ukutani, maji yakiwa kiunoni. "Dada, usiogope," akaniambia, "mayi iko tu mayi." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.

Mwalimu hakutufundisha kuogelea kwa wiki nne za mwanzo. Alitufundisha kutoa pumzi. Uso ndani ya maji, toa hewa puani polepole mpaka mapovu yaishe, inua, vuta, rudi. Ilinichukua jioni mbili kuweza kufanya hivyo mara tano bila kushtuka. Kisha akatufundisha kuelea chali, na kwa maoni yangu hilo ndilo somo lenyewe, mengine yote ni nyongeza. Mapafu yenye hewa ni boya ulilozaliwa nalo. Kinachomzamisha mtu ni kichwa: ukiogopa unakiinua ili uone, na ukikiinua, kiuno na miguu vinashuka, nawe unasimama wima majini kama mti, ukizama kwa miguu. Inabidi ufanye kinyume cha woga. Lala. Masikio yaingie majini, kidevu kiangalie juu, tumbo lisukume dari. Mwalimu aliweka viganja viwili chini ya mgongo wangu. Akaondoa kimoja. Sikujua alipoondoa cha pili.

Ukiwa umelala hivyo husikii kitu isipokuwa pumzi yako. Nililia pale, na maji yakawa ndiyo yaliyonifuta.

Kipimo chao cha mtu anayejua kuogelea, nchi zote za Nordi, za kaskazini mwa Ulaya, ni hiki: aanguke kwenye kina kirefu hadi kichwa kizame, aibuke, kisha aogelee mita 200, na 50 kati ya hizo awe amelala chali. Hawasemi kitu juu ya mwendo wala mtindo. Nilikifikia Machi 2017, mama wa Baraka akafika wiki mbili baada yangu, akapika sombe, yaani kisamvu, na ugali akatuita darasa zima.

Bwawa ni bwawa, lakini. Ziwa la msituni lina tabia zake, na nimezijifunza moja moja, majira hadi majira.

La kwanza ni baridi kukaa kwa tabaka. Julai maji ya juu yanaweza kufika nyuzi 21, ukateremsha mguu mita chache ukakuta kipupwe bado kimelala humo. Ndiyo maana Mei na Juni, hata jua likiwaka mpaka saa tano usiku, maji bado hayajasamehe. Sirukii. Ninaingia kwa ngazi, nalowesha shingo na uso, nasubiri kifua kimalize kuhema. Dakika moja, wakati mwingine mbili. Kile kifua kuvuta pumzi chenyewe, kilichonipata siku ya khanga, kinampata kila mtu, hata muogeleaji hodari. Tofauti ni kama mdomo uko juu ya maji au chini yake wakati huo. Kila mwaka sikukuu ya Juhannus, ya katikati ya kiangazi, redio hutangaza waliokufa maji, na mara nyingi ni wanaume wazima waliozoea ziwa tangu utotoni, mashua na pombe vikiwa pamoja.

La pili ni kutoliamini jicho. Rangi ile ya chai inatokana na majani na udongo mweusi wa msituni unaoloa humo miaka na miaka. Si uchafu, na ngozi inatoka laini. Lakini huoni chini. Jiwe lililo nusu mita chini ya maji halionekani, gogo halionekani. Kwa hiyo hakuna kupiga mbizi kwa kichwa mahali ambapo hujapapima kwa miguu, na hilo kwa binti yangu silijadili. Fukwe nyingi za hapa hazina mlinzi. Kuna nguzo yenye boya na kamba, kuna ubao wa manispaa wenye matokeo ya vipimo vya maji, na kuna namba 112 ya kuita msaada. Mengine ni macho yako. Mtoto akiwa majini simu yangu inakaa ndani ya kikapu.

Joto likizidi, Julai mwishoni na Agosti, kuna mwani wa buluu-kijani unaoota ghafla, na baadhi yake una sumu inayodhuru watoto na mbwa. Ukiona maji yamekuwa kama rangi ya kijani iliyomwagika, chukua kijiti uyakoroge. Ikipanda na kijiti kama nyuzi, ni mwani wa kawaida tu. Ikisambaratika iwe chembechembe, teka kwenye glasi uiache saa moja. Chembe zikipanda juu, hamwogi siku hiyo. Mtu wa Mwanza aliyekulia na magugumaji hana shida kuelewa kwamba ziwa linaweza kuugua.

Na kuna siku ziwa lilinirudisha kwetu moja kwa moja. Agosti 2018 tulishinda kwenye ghuba ndogo yenye maji ya kina kifupi, vuguvugu, mabata wakiwa jirani. Jioni mapaja yakaanza kuwasha, usiku vipele vyekundu. Mwili ulipoa. Nilijua hicho ni nini, nilikisikia kwa mama tangu utotoni: kichocho. Asubuhi nikaenda zahanati nikamweleza muuguzi mwenzangu, nikamwambia kabisa natoka kanda ya ziwa nazijua dalili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba nilikuwa nimekaribia ukweli kuliko nilivyodhani. Vijidudu hivyo ni ndugu wa kichocho, navyo hutoka kwa konokono wa ziwani vile vile, saa za jua, kwenye kina kifupi, vile vile. Ila hawa wanamtafuta bata. Wakikosea wakaingia kwenye ngozi ya mtu wanafia humo humo, ndio vipele, na baada ya siku kadhaa vinaisha. Dawa yake ni kuepuka ghuba za namna hiyo na kujifuta kwa taulo mara tu unapotoka.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinama kwa mawazo. Yule wa kwetu hakosei. Anaingia kwenye mishipa anakaa miaka, anaharibu ini na matumbo, na watoto wa mialoni na visiwani wanaye wengi. Dawa yake ipo na inafanya kazi, lakini anayerudi kwenye maji yale yale anaambukizwa upya. Kwa hiyo sisemi watoto wa Mwanza waingie tu popote. Mama alikuwa sahihi kuhusu konokono. Ninachosema ni kwamba mtoto anaweza kufundishwa kuelea kwenye bwawa lenye maji safi, kisha aende zake kupanda mtumbwi, feri, au kufua na mama yake, akiwa na kitu ndani yake ambacho jaketi la kuokolea likikosekana hakitakosekana.

Mwezi mmoja baada ya vipele vile, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa zaidi ya watu 200, nchi kavu ikiwa inaonekana. Mama alipiga simu usiku. Hakusalimia. "Huyo mtoto bado unampeleka kule?" Nikamwambia ndiyo, mama, na nitaendelea kumpeleka. Akakata. Tulikaa wiki tatu hatujazungumza, na hatujawahi kukaa hivyo tena.

Binti yangu mwenyewe hakuwahi kuhitaji kushawishiwa. Siku zetu za kiangazi ni hizi: tunafunga mkate, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, tunakwenda mahali kama hifadhi ya Leivonmäki, kusini mwa hapa, ambako tuta refu la mchanga lililoachwa na barafu ya kale limeingia ziwani kama ulimi, na njia inapita juu yake maji yakiwa kushoto na kulia. Sheria na mila za nchi zinampa kila mtu, hata mgeni, ruhusa ya kupita msitu wa mwenyewe, kuchuma matunda na uyoga, kuogelea, kulala usiku mmoja kwenye hema, mradi asisogelee nyumba za watu na asiharibu. Moto ndio marufuku bila idhini ya mwenye shamba. Hifadhini kuna mahali palipojengwa pa kuwashia, na kuni zimepasuliwa zinakusubiri. Tunachuma mustikka, zile beri ndogo za buluu, mpaka meno yanakuwa meusi. Mbu ni wengi kupita maelezo, ila hawana malaria. Kupe nawakagua jioni, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele, maana wanaleta homa ya ubongo na kuna chanjo yake. Nikimkagua ninajiona nafanya kile kile alichokuwa akifanya mama kwa ukucha wake.

Bibi wa koti la manyoya alikuwa bado hai nilipolitupa la kwanza, Juni 2017. Nilikwenda kazini na nywele mbichi makusudi. Rasta zangu zilikuwa zinadondosha maji kwenye sare, akazishika moja akaikamua kwa vidole vyake vyembamba. Akauliza nyuzi ngapi. Nikasema 14. Akafumba macho, akasema kwamba maji ya nyuzi 14 yananusa chuma kidogo, je, nilisikia? Nilisikia. Aliogelea mpaka alipofika 88, aliniambia, mpaka ngazi ya gati ilipomshinda.

Desemba 2023 tulikwenda Mwanza, mimi na binti, akiwa na miaka 8. Mama alikuwa na miaka 67, magoti yakimsumbua. Siku ya tatu niliomba twende wote kwenye hoteli moja yenye bwawa, juu kidogo ya ziwa. Alikubali kwa sababu ya mjukuu. Akaketi kwenye kiti cha plastiki mbali na ukingo, mkoba mapajani, uso ameuelekeza ukutani ili asione ziwa.

Mtoto aliingia kwa ngazi, akalowesha shingo, akasubiri, kama nilivyomfundisha. Kisha akaogelea kwenda na kurudi, akapumzika kwa kulala chali katikati ya kina kirefu, mikono ameitandaza. Mama akasimama ghafla, mkoba ukaanguka.

"Anafanya nini pale?"

"Anapumzika, mama."

"Juu ya maji?"

"Juu ya maji."

Akasogea mpaka ukingoni. Alimwangalia muda mrefu, na mtoto hakutikisika, tumbo tu likipanda na kushuka. Kisha bila kunigeukia akauliza, "Mjomba wako. Angejua hivi, angeelea?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka mingi na bado sikuwa na jibu. Nikamwambia sijui, mama. Nikamwambia meli ilipinduka, wengi walikuwa ndani, wa ndani asingeweza hata akijua.

"Yeye hakupenda kukaa ndani," mama akasema. "Alisema ndani panamchefua. Siku zote alikaa nje."

Sikusema kitu. Akashika mkono wangu, akajishusha taratibu mpaka akaketi kwenye saruji, akavua viatu, akapandisha khanga mpaka magotini, akateremsha miguu yote miwili majini. Mtoto alipoona akaja mbio kwa kupiga mateke.

"Bibi! Unataka nikuonyeshe?"

"Nionyeshe tena hivyo ulivyolala."

"Masikio yanaingia ndani, Bibi. Ukiyatoa unazama." Akajisukuma kwa miguu kutoka ukutani, akageuka chali, akatandaza mikono.

"Nakuona, mjukuu wangu," mama akamwambia. "Lala hapo hapo. Nakuona."

Mtoto hakumsikia. Masikio yake yalikuwa majini.